Nimelipiwa kila kitu Marekani, lakini nataka kuhama chuo

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 20, mzaliwa wa Matondoni, kisiwani Lamu. Babangu ni fundi wa majahazi, kama alivyokuwa babu. Tangu Agosti niko Marekani, mwaka wa kwanza, katika chuo kidogo cha kaskazini-mashariki, vile vyuo ambavyo darasa lina watu kumi na wanane na profesa anakujua kwa jina. Nimelipiwa karo, bweni, chakula, bima, hata nauli ya ndege. Najua ni vijana wangapi kwetu wanaokesha wakitafuta nafasi kama yangu, ndiyo maana naona haya hata kukuandikia.

Chuo changu hakina uhandisi. Nilijua hivyo tangu naomba, lakini nilikuwa nimeomba vyuo kumi na viwili na huu ndio mlango pekee uliofunguka ukiwa na pesa ndani. Nikajiambia fizikia na uhandisi ni ndugu, nitajipenyeza. Sasa nasoma fizikia ya nyota na ya chembe ndogo ndogo, mambo mazuri, lakini kila nikitoka darasani najiuliza nitayafanyia nini nyumbani. Tena kuna upweke. Jua linatua saa kumi na nusu jioni. Msikiti wa karibu ni mwendo wa dakika arubaini kwa gari, na gari sina. Mkenya wa mwaka wetu ni mimi peke yangu.

Nimeamua kuomba kuhama ili niingie mwaka wa pili kwingine ifikapo Septemba. Nimeandika orodha: Harvard, Yale, Princeton, Stanford, MIT, Columbia na Cornell. Katikati ya muhula huu nina A ya hisabati, A- ya fizikia, na B- ya kozi ya uandishi ambayo kila wa mwaka wa kwanza lazima aichukue. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari kwetu Kenya, nilipata A-. Insha ya maombi nimeshaianza, na fungu la kwanza linasema hivi, nikikufasiria:

"Tangu nilipofika hapa nimejihisi kama samaki aliyetolewa majini. Chuo changu ni kidogo, hakina uhandisi, kimezungukwa na misitu, na wanafunzi wengi hawajui hata Kenya iko wapi. Nastahili chuo chenye changamoto inayolingana na uwezo wangu."

Kinachoninyima usingizi ni barua za mapendekezo. Vyuo vingi vinataka mbili, kutoka kwa maprofesa wanaonifundisha sasa. Profesa wangu wa fizikia ndiye aliyeniona siku ya kwanza ya theluji nimejifunika kikoi juu ya sweta, kesho yake akaniletea koti la binti yake limekunjwa kwenye mfuko wa duka. Nitamwendeaje mtu huyo nimwambie aniandikie barua ili nimwache? Na chuo kikijua nataka kuondoka, hawatanikatia ufadhili?

Nilipomwambia babangu kwa simu, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Hakuongeza neno. Mamangu naye ashawaambia majirani kwamba naenda Harvard.

Nisamehe kwa urefu. Nimesahau kukueleza kwamba uhandisi ninaoutaka mimi ni wa pwani: mawimbi, mchanga, gati. Nilikuwa darasa la saba mwaka 2018 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya kule Kililana. Ami yangu ni mvuvi. Kila siku alikuwa akisema mchanga umehama, mahali alipokuwa akipita kwa mashua sasa anagota. Nilimuuliza mwalimu mchanga unahamaje, hakujua. Lakini hayo sijayatia kwenye insha, naona ni mambo ya kwetu tu.

Nishauri, tafadhali.

Binti wa Matondoni

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa natafuta sentensi moja tu, ile inayosema utaufanyia nini huo uhandisi. Nikaikuta chini kabisa, umeiweka pale ambapo watu huweka salamu za jirani. Unasema ulisahau. Mwanangu, hiyo uliyoisahau ndiyo maombi yako yenyewe.

Nianze na fungu lako la kwanza, kwa sababu ukiliacha lilivyo hayo mengine hayatasomwa kwa moyo mmoja. Mtu anayefungua faili la mwanafunzi anayetaka kuhama ana swali moja mkononi: kuna nini hapa kwetu ambacho huko aliko hawezi kukipata, na akikipata atakifanyia nini? Wewe katika sentensi tatu umemjibu swali jingine kabisa. Umemwambia chuo chako kina kasoro gani. Umesema hakina, umesema hawajui, ukamalizia na nastahili. Anachojifunza juu yako ni kwamba una kinyongo, na ataogopa kwamba mwakani kinyongo hicho utakuwa nacho kwake.

Hebu iangalie hiyo misitu. Cornell iko Ithaca, katika jimbo la New York, na misitu na theluji vimejaa huko pia. Msomaji wa Ithaca akikuta unalalamikia miti atageuka dirishani, aione ileile unayoikimbia. Samaki naye mtoe. Ni picha ya kila mtu aliye mbali na kwao, na wewe una picha ambayo hakuna mwombaji mwingine anayo: ami yako kwenye mashua, amegota mahali ambapo miaka kumi iliyopita alipita bila hata kutazama chini.

Anza hapo. Andika ni sehemu gani. Ni mkondo wa Mkanda? Ni upande wa ghuba ya Manda? Ilikuwa bamvua au maji mafu? Zamani palikuwa na pima ngapi, na sasa mtu akishuka maji yanamfika wapi? Kisha sema ulichomuuliza mwalimu wako, kwa maneno yaleyale ya mtoto wa darasa la saba: mchanga unahamaje? Halafu mpe msomaji kesi ya mwaka 2018 kwa mstari mmoja au miwili, na kwamba gati la kwanza la bandari hiyo lilianza kazi Mei 2021, na kwamba magati mengine yamo kwenye mpango. Akifika hapo ataelewa mwenyewe kwa nini unahitaji mahali penye tangi la mawimbi, lile la maabara ambamo mawimbi hutengenezwa ili yapimwe. Hutahitaji kukisema chuo chako vibaya hata kidogo. Utasema kimekupa hisabati na fizikia, na kwamba swali lako limefika mahali ambapo fizikia peke yake haikuvushi.

Na ukiandika hivyo, orodha yako yenyewe itabadilika, kwa sababu ile uliyoniletea ni orodha ya majina. Nitakwambia bila kukuficha: anayetoka chuo kinachochuja sana waombaji kwenda kingine kinachochuja vilevile ndiye anayebanwa zaidi na swali la kwa nini. Princeton ilifunga kabisa mlango wa wanaohamia mwaka 1990, ikaufungua tena 2018, na mwaka huo ikatoa nafasi 13. Waliofikiriwa hasa ilipoufungua ni watu waliotumikia jeshi na wanafunzi wa vile vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambao wengi wao ni wa familia zenye kipato kidogo. Harvard huchukua wapatao 12 kwa mwaka, na wanaoomba ni zaidi ya elfu. Mweleze mamako hivyo mapema, kwa upole, kabla majirani hawajaanza kuuliza umefika lini.

Cornell ni jambo tofauti. Hupokea mamia ya wanaohamia kila mwaka, ina idara ya uhandisi wa ujenzi na mazingira, na katika idara hiyo kuna maabara ya haidroliki inayoitwa DeFrees, yenye matangi ya kutengenezea mawimbi. Hiyo isogeze juu. MIT ibakishe, maana uhandisi wa bahari umo humo, ila ujue nafasi ni chache mno. Yale na Stanford sina neno baya juu yao, lakini niambie ni profesa gani wa huko anayefanya kazi ya mchanga na mawimbi ambaye umesoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake. Kama hakuna, ada ya maombi hulipwa kwa kila chuo, na hata ukisamehewa ada, muda wako wa Februari hakuna wa kukurudishia.

Nikuongezee ambavyo hukuviweka. Viko vyuo vidogo vyenye uhandisi ndani yake, kama Swarthmore, na Smith ambacho ni cha wanawake. Kama udogo wenyewe haukusumbui, na ninavyokusoma haukusumbui, kwa sababu koti lile usingeletewa katika darasa la watu mia tatu, basi vitazame hivyo. Kuna pia mpango wa miaka mitatu na miwili: unasoma mitatu chuoni kwako, unakwenda shule ya uhandisi mingine miwili, unatoka na digrii mbili. Columbia ina mpango wa namna hiyo na vyuo vingi vidogo, kwa hiyo uliza kama chako kimo. Mtego wake ni pesa ya hiyo miaka miwili ya mwisho, hasa kwa mgeni. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Hapa kuna jambo linalokupa haki ya kuhama kuliko upweke na kuliko majina. Ukitaka siku moja kutia sahihi michoro ya gati nchini Kenya, utapita kwenye Bodi ya Wahandisi, iliyowekwa na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, na Bodi inataka digrii ya uhandisi inayotambuliwa. Digrii ya fizikia, hata iwe ya chuo gani, haikuingizi kwenye daftari lake la wahandisi. Kwa hiyo kila programu unayoiombea, hakikisha imeidhinishwa na ABET, chombo kinachokagua programu za uhandisi huko Marekani. Lakini kama unachotaka ni utafiti, kupima mchanga, kusimama mahakamani siku moja kama shahidi mtaalamu wa wavuvi, fizikia inakufikisha salama. Unamaliza ulipo bila deni, kisha unakwenda shahada ya juu ya uhandisi wa pwani, na huko Marekani wanafunzi wengi wa uzamivu wa fani hizi hulipiwa karo na kupewa posho. Oregon State, chuo ambacho hakimo kwenye orodha yoyote ya majirani wa mamako, ina mfereji wa mawimbi wenye urefu wa mita 104. Delft kule Uholanzi wamekuwa wakipambana na bahari tangu kabla ya babu wa babu yako. Mhandisi au mtafiti: hilo amua kabla ya kugusa fomu, kwa sababu ndilo linaloamua kama kuna haja ya kuhama.

Sasa pesa, na hapa naomba utulie.

Vyuo vya huko viko vya aina mbili. Viko vinavyoamua kukuchukua bila kutazama kama unaweza kulipa, na viko vinavyotazama. Harvard, Yale, Princeton na MIT vinajulikana kwa kutotazama hata kwa wageni wanaoingia mwaka wa kwanza. Stanford hutazama kwa mgeni. Lakini wewe huingii mwaka wa kwanza tena. Unahama, na vyuo vingi vina kanuni tofauti kwa mgeni anayehama: vingine vina fungu dogo la pesa, vingine havina kabisa. Usidhani kwamba uliyoyasoma mwaka jana yanakuhusu. Iandikie ofisi ya msaada wa fedha ya kila chuo barua pepe yenye swali moja: je, mwanafunzi wa kigeni anayehamia hupewa msaada unaotosheleza mahitaji yake yote? Jibu lihifadhi. Chuo kitakachosema hapana, kifute siku hiyohiyo, hata kama moyo unakiuma. Na fomu za msaada zijaze pamoja na maombi, usingoje, kwa sababu vyuo kadhaa haviruhusu mgeni ambaye hakuomba msaada mwanzoni kuja kuuomba baadaye.

Nilimjua kijana mmoja, sitasema alitoka wapi. Mei akapata barua ya kukubaliwa, akafurahi, wiki ileile akakiandikia chuo chake kwamba haendelei. Barua ya msaada ilipokuja baadaye ilikuwa na pengo ambalo familia yake isingeliziba hata kwa kuuza nyumba. Aliporudi kuomba nafasi yake ya zamani, pesa yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Alikaa mwaka mzima kwa khalati yake akifanya vibarua vya mtandaoni. Kijana mwenye akili, mwenye alama kuliko zako.

Babako aliposema habari ya mbachao, hilo ndilo aliloliona. Mbachao ni ule mkeka wako mkuukuu, lakini ni wako. Ushikilie mpaka msala mpya uwe umetandikwa, umeukalia, na barua ya msaada iko mkononi ikiwa na tarakimu za kila mwaka hadi utakapomaliza. Mpaka siku hiyo unajisajili kozi za mwaka ujao hapohapo ulipo, unachagua chumba, unafanya kila kitu kama mtu anayebaki.

Kuhusu profesa wako. Mwendee. Maprofesa wa huko huandikia wanafunzi barua kila mwaka, na kuhama ni sehemu ya kazi yao kama kusahihisha mitihani. Usimtumie ujumbe, nenda ofisini saa zake za kuonana na wanafunzi, umpelekee swali la mchanga kwanza. Mweleze ami yako, mahakama, bandari. Yeye ni mwanafizikia, huenda akachukua chaki hapohapo. Kisha mwambie, "Nataka kuomba mahali penye uhandisi wa pwani, na ningependa maoni yako kabla ya kukuomba barua." Mtu akishaombwa maoni, barua yake huwa na nyama. Kwa kumshukuru kwa lile koti, mwandikie kadi kwa mkono wako. Hilo ni deni la moyo na lilipe, lakini lisikufunge miguu, na naamini hakukupa kwa nia hiyo.

Siri, kwa vyovyote, haitakuwapo. Katika maombi kuna fomu inayojazwa na ofisi ya chuo chako cha sasa, kuthibitisha kwamba uko katika hali nzuri kimasomo na kinidhamu, na nyingine ya alama za katikati ya muhula inayotiwa sahihi na wanaokufundisha. Kwa hiyo ni afadhali mkuu wa wanafunzi alisikie kutoka kinywani mwako. Kuomba kuhama si kosa, na katika miaka yote niliyokaa na wanafunzi sijaona aliyekatiwa msaada kwa kuomba transkripti. Soma tu barua yako ya ufadhili mstari kwa mstari uone inasemaje juu ya mwaka wa pili.

Jambo la haraka kuliko yote ni usajili wa muhula wa Januari, ambao vyuo vingi hufanya Novemba, maana yake sasa. Shule za uhandisi hutaka anayehamia awe amepita kalkulasi, fizikia, kemia na kozi ya kuandika programu za kompyuta. Kama umejiandikisha historia ya sanaa na falsafa, nenda ukabadilishe wiki hii: kalkulasi inayofuata, kemia yenye maabara, na hiyo ya programu. Zitakufaa hata ukibaki. Uhandisi ni ngazi, kila kozi inakalia nyingine, ndiyo maana kuomba ukiwa mwaka wa kwanza kuna mantiki. Ukingoja hadi wa tatu utakuta wenzako wameshasoma nguvu za mihimili na wewe unaanza alifu. Vyuo vingi vya namna hii pia vinataka usome kwao angalau miaka miwili kabla ya kukupa digrii, kwa hiyo kredi utakazobeba zina kikomo.

Ubaya wa kuomba mapema ni kwamba una muhula mmoja tu wa kuonyesha, kwa hiyo watachungulia sana matokeo ya sekondari. Agiza uthibitisho wa KCSE kutoka KNEC, baraza la mitihani la Kenya, mapema kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa QMIS, usingoje Februari. Ile B- ya uandishi haikuangushi ikipanda. Nenda kwenye kituo cha uandishi cha chuo chako na rasimu ya insha hiihii, upate faida mbili kwa safari moja. Tarehe za mwisho za vyuo ulivyotaja nyingi huangukia kati ya 1 na 15 Machi, na majibu huanza kutoka Mei.

Viza nitaigusa kidogo. Ukikubaliwa, ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako cha sasa atahamisha rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kwa tarehe mtakayopatana, na kuanzia hapo chuo kipya ndicho kinachokupa I-20, ile hati ya chuo inayobeba viza ya mwanafunzi. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano. Ukiwa katikati ya kuhama usipande ndege kuja Lamu kabla ya kukaa na ofisa huyo, kwa sababu kanuni za viza zimekuwa zikibadilika na mtu anaweza kuondoka akashindwa kurudi.

Nimeuacha upweke mwisho, na si kwa sababu ni mdogo. Unanitia uchungu, mwanangu. Nakuona umekaa dirishani saa kumi na nusu, giza linaingia, kwenu ni usiku mkubwa na watu wamelala. Lakini upweke huo usiufanye sababu ya kuhama, kwa kuwa utauchukua na kwenda nao. Novemba ya mwaka wa kwanza ni mbaya kwa karibu kila mgeni ninayemjua. Uliza ofisi ya dini ya chuo chako juu ya usafiri wa Ijumaa, vyuo vingi vina gari au wanafunzi wanaochangiana safari. Tafuta Waswahili wa mji ulio karibu, wapo, na penye Waswahili patakuwa na mtu anayepika pilau Jumapili. Ukifika Februari bado unataka tangi la mawimbi ilhali moyo umetulia, utajua kwamba unachokitaka ni tangi.

Kabla hujaandika neno jingine la insha, mpigie babako. Usimpigie kumshawishi. Muulize tu anajuaje, anapotengeneza mashua, iketi vipi majini ili ipite penye maji machache, na mkuku wake auchonge vipi. Muulize kama wateja wake siku hizi wanaagiza mashua tofauti na zamani kwa sababu ya huo mchanga. Andika atakachosema kwa maneno yake mwenyewe, hata yale ambayo hutajua kuyafasiri. Kisha nenda kwa ami yako na swali la pima. Ukishapata majibu ya wawili hao, niletee fungu jipya la kwanza, nitakusomea kabla ya Krismasi.

Bi Mshauri